Chai ya Nabintu na Ini la Papa Déo

Siku ya tatu baada ya kumzika Maman Victorine nilifika nyumbani kwake mtaa wa Nguba, Bukavu, saa nne asubuhi, nikiwa na mkate na maziwa ya unga kama mtu yeyote anayekwenda kwenye kilio, nikamkuta Nabintu ameketi kwenye mkeka wa salon, sebuleni, akichambua maharage. Hatukuwa tumeonana kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa amenenepa, nywele za pembeni zimeshika mvi, lakini vidole vilikuwa vile vile, vyembamba na vya haraka, vikitupa jiwe huku na punje mbovu kule bila macho kuangalia. Aliinua uso akasema, "Consolata, karibu, ikala," akinionyesha pa kuketi kama mwenye nyumba. Na mimi, mama wa watoto watatu, mtu ambaye vijana wa chuo kikuu husimama anapoingia darasani, nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Sitaki kukipa jina la heshima. Ulikuwa wivu, uleule, kana kwamba muda wote ule ulikuwa umelala mlangoni ukiningoja nirudi.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala nilikulia wapi. Inatosha kusema kwamba mwaka ule nilikuwa mwaka wa tatu wa famasia, na nililala katika nyumba ile kwa sababu Papa Déo, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alikuwa amemfundisha baba yangu, naye alisema mtoto wa mwanafunzi wake hawezi kukosa kitanda Bukavu. Nyumba ilikuwa ndefu na nyembamba, imeshuka na mteremko, hivi kwamba ukiingia kwa mlango wa barabara uko juu, na ukifika jikoni umeshuka ngazi saba. Salon ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma vya mkewe, Maman Victorine, na dirisha moja kubwa lililoonyesha ziwa kati ya paa mbili za majirani. Meza ya kulia ilikuwa chini ya dirisha hilo. Jumapili tulikula bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaangwa hadi zikalia mdomoni, na mboga ya lengalenga yenye nyanya. Siku nyingine maharage, viazi, wakati mwingine mashanza, maziwa mgando, kutoka kwa mtu aliyeshuka kutoka vijijini. Papa Déo alikula polepole, akiandika hesabu kwa kidole juu ya nguo ya meza pale mazungumzo yalipomchosha. Watoto wake watatu walikuwa wameshaondoka. Justin, mkubwa, alikuwa Kinshasa. Kwa hiyo jioni, kabla ya chakula, wa kukaa naye nilikuwa mimi.

Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na miwani hakuipenda, basi nilimsomea gazeti. "Docteur wangu," alikuwa akiita kutoka kwenye kiti chake, "leo banasema nini?" Nami nilitoka chumbani mbio, hata kama kesho yake nilikuwa na mtihani, nikakaa kwenye kiti kidogo karibu na goti lake nikasoma kila kitu, hadi matangazo ya vifo. Alinisahihisha Kifaransa changu. Alinipa mafumbo ya hesabu, na nikiyafumbua aligonga mkono wa kiti mara mbili kwa vidole. Kugonga huko mara mbili ndiko nilikoishi kwa ajili yake. Nimekuwa na zawadi nyingine maishani, nyingine zenye mihuri na vyeti, lakini sijawahi kupokea kitu kilichonijaza kama vile vidole viwili juu ya mbao.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa masomo daktari alimwambia ini lake lilikuwa limejaa mafuta na limevimba. "Ini yako imechoka, Papa. Bière na kasiksi, mwisho. Kama hapana, itakuwa mbaya." Papa Déo alikuwa mtu wa kasiksi, pombe ya ndizi. Hakulewa akaanguka njiani, la. Alikunywa kila siku, kwa utaratibu, kama mtu anayesahihisha madaftari. Aliporudi nyumbani hakumweleza mke wake kwanza. Alinieleza mimi. Nilichora ini kwenye karatasi ya mraba, nikamwonyesha mahali damu inapoingia na mahali nyongo inapotokea, nikamweleza kwamba seli zake zimebeba mafuta kama wachukuzi wa soko la Kadutu waliobebeshwa gunia moja zaidi. Alicheka. Aliibandika karatasi ile ukutani, kando ya kalenda ya parokia. Kwa wiki tatu mwili wake ulidai kile ulichokizoea, mikono ikamtetemeka, na mimi ndiye niliyekaa naye, nikimwandalia maji yenye limau, nikihesabu siku kwenye kalenda. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Alikuwa mgonjwa, na nilikuwa na furaha.

Nabintu alikuja wakati mvua zimeshika. Alikuwa mtoto wa dada yake Maman Victorine, wa umri wangu, ametoka juu milimani ambako chai inalimwa, ambako mama yake alikuwa mchumaji shambani. Alikuja kujifunza kushona katika atelier moja ya Kadutu. Waliweka kitanda chake chumbani mwangu, na mimi nikasogeza vitabu. Katika mizigo yake mlikuwa na mfuko wa kitambaa uliojaa majani mabichi ya chai, yamefungwa kwa nguo iliyolowa maji yasinyauke njiani. Kabla hata hajavua viatu aliomba sufuria kavu. Nakumbuka harufu: kama nyasi iliyokatwa, halafu kama mahindi mabichi yakichomwa. Aligeuza majani kwenye sufuria ya moto kwa mkono mtupu, akayamwaga kwenye lungo, akayasugua kwa viganja hadi yakajikunja, akayarudisha motoni, akayasugua tena. "Kule kwetu yote inaendaka ku usine, kiwanda ya chai, inakuwa nyeusi," alisema. "Lakini mama anabakishaka kidogo ya nyumba. Hii hapana acha inyauke. Moto inaikamata ingali kijani, inabaki kijani." Alimpelekea Papa Déo kikombe. Chai ilikuwa ya rangi ya maji ya majani, karibu njano. Papa alinyoosha mkono kutafuta sukari, na msichana yule aliyekuwa na nusu saa tu ndani ya nyumba akaisogeza sukari mbali naye. "Hapana, Papa. Inakuwa chungu kidogo, njo dawa yake. Wazee ya kwetu banakunywaka hivi nyuma ya pombe, banasema inaosha ndani."

Mimi nilimkataza sukari kwa mwezi mzima bila mafanikio. Alimtazama Nabintu, akatazama kikombe, akanywa. Halafu akagonga mkono wa kiti. Mara mbili.

Sijui kama watu wanaojua wivu wa mapenzi tu wataelewa nilichopitia miezi iliyofuata. Hakuwa mume wangu, hakuwa hata baba yangu. Nabintu hakuninyang'anya chochote kwa makusudi. Alikuwa msichana mchangamfu aliyeimba akifagia, aliyenishonea sketi bila mimi kuomba, na aliyelala haraka kama mtoto huku mimi nikikodoa macho kwenye mwanga wa kibatari. Ila kila alasiri aliporudi kutoka Kadutu, vumbi miguuni, nyuzi zimemganda kwenye blauzi, alipitia salon kwanza. Alimsimulia Papa mambo ya njiani: taximoto iliyoteleza na mama wa mikungu ya ndizi, wateja wanaotaka nguo ya kipaimara ishonwe siku moja. Papa alicheka hadi akakohoa. Nilikaa na gazeti limekunjwa mapajani. "Docteur, ngoja kidogo," alikuwa akisema, "Nabintu anamalizia." Kidogo ile ilirefuka. Zikaja jioni ambazo gazeti halikufunguliwa kabisa, na hakuna aliyegundua isipokuwa mimi. Jiko na chumba chetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na asubuhi moja nilimsikia Maman Victorine akimwambia jirani, "Huyu mutoto ni Mungu njo alimutuma. Tangu amekuja, muzee anakula, analala, uso imerudi. Ile chai yake!" Jirani akauliza, "Na ule mwingine, ule wa kusoma?" Maman akajibu bila ubaya wowote, "Ah, ule? Ule iko na vitabu vyake."

Kabla ya Pasaka vipimo vya ini vilirudi. Vile ambavyo madaktari wanaviita transaminase vilikuwa vimeshuka karibu na kawaida. Maman Victorine alizisoma karatasi zile juu chini, akapiga vigelegele, akamkumbatia Nabintu mbele ya meza. Tulikuwa tunakula viazi na samaki. Nilisema, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwamba kilichomsaidia Papa hasa ni kuacha pombe, kwamba ini likipumzishwa hujitengeneza lenyewe. Ilikuwa kweli, na leo bado ni kweli. Lakini ukweli unaweza kutoka katika mdomo mbaya. "Docteur, acha mambo ya vitabu," Maman alisema. "Weye unaona wivu tu juu ya chai!" Alikuwa anatania. Wote walicheka, na Nabintu akacheka huku ameficha mdomo kwa mkono, na Papa Déo naye akacheka. Kicheko chake ndicho nilichobeba kwenda nacho kitandani.

Siku iliyofuata nilikwenda maktaba ya chuo kutafuta uthibitisho kwamba chai ile haina kitu. Nilitaka karatasi ya kuiweka juu ya meza, kando ya viazi. Nikakuta kinyume. Makala baada ya makala ilieleza kwamba jani la chai lisiloachwa kuwa jeusi linabaki na viini vinavyoitwa katekini, na kwamba katika panya waliopewa sumu ya ini, wale waliokunywa chai ya kijani waliumia kidogo kuliko wenzao. Kwamba viini hivyo huzuia kitu kinachofanana na kutu kisile kuta za seli, na huenda vikapunguza mafuta yanayojilimbikiza. Waandishi walikuwa waangalifu: panya si mtu, walisema, na kwa watu ushahidi bado ni mchache. Mimi sikusoma uangalifu wao. Nilisoma tu kwamba msichana aliyeishia darasa la sita, na mama yake mwenye kikapu mgongoni, walikuwa sahihi. Nilikaa pale hadi mlinzi akaanza kufunga madirisha. Na hapo, kati ya aibu na hasira, likanijia wazo ambalo lilionekana safi kama hesabu. Kama kikombe chake kina katekini kidogo, na kidogo hicho kinasaidia, basi mwenye kuleta nyingi atasaidia zaidi. Yeye alikuwa na sufuria. Mimi nilikuwa na famasia.

Nilikuwa nafanya stage, mafunzo ya kazi, katika duka la dawa mjini, na mwenzangu mmoja aliuza kwa siri vichupa vya kapsuli vilivyotoka ng'ambo ya mpaka, vya wanawake waliotaka kupunguza mwili. Lebo ilisema ni dondoo ya chai ya kijani. Kapsuli moja ilikuwa na nguvu ya vikombe vingi. Nilimpelekea Papa Déo kapsuli hizo Maman akiwa sokoni. "Ni ile ile chai, Papa," nilimwambia, "lakini hii ni ya sayansi." Aliishika kapsuli kati ya vidole, akaielekezea dirisha. "Ni ile ile kabisa?" "Kabisa. Lakini tusimwambie Nabintu, atasikia vibaya." Alitabasamu, akafurahia kuwa na siri kama mtoto wa shule. Akasema, "Docteur wangu." Nilikuwa nimelisubiri neno hilo kwa miezi.

Alizimeza mbili kila asubuhi kabla ya misa, tumbo tupu, kwa sababu alikuwa anapokea komunyo na hakula kitu kabla. Baada ya wiki mbili nikasema nne. Hakuna aliyeniagiza nne. Kipimo kingine kilikuwa kimepangwa mwezi wa sita, na nilitaka kishuke mno, kishuke kiasi cha kumshangaza daktari, ili nisimame mezani niseme: ni mimi. Leo najua, na ninafundisha, kwamba kiini kile kile kinacholinda ini ndani ya kikombe kinaweza kulishambulia kinapobanwa ndani ya kapsuli na kumezwa kwa wingi bila chakula; kwamba si kila mtu hudhurika, lakini anayedhurika hudhurika kweli. Wakati ule maandishi ya hatari hiyo yalikuwa machache, na nimejitetea nayo mara nyingi mbele ya kioo. Utetezi huo hauna miguu. Papa alipoanza kuacha bugali kwenye sahani, niliona. Alipojikuna mikono hadi ikatoka damu, niliona. Alipoomba aketishwe juani na kusinzia saa tano ya asubuhi, niliona pia, nami nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu niliyejua dalili hizo kwa mpangilio wa alfabeti. Nilijiambia ni malaria. Nikampa nne nyingine.

Nabintu ndiye aliyesema kwa sauti. Alikuwa amemletea kikombe chake cha alasiri, akainama kukiweka, akabaki ameinama. "Papa, macho yako iko njano."

Hospitalini walimlaza chumba chenye vitanda sita. Daktari alikuwa kijana, sauti ya chini, na alituuliza sisi watatu, mimi, Maman na Nabintu, tukiwa tumesimama miguuni pa kitanda: "Anakunywaka nini ku nyumba? Dawa ya kienyeji, vidonge, kintu chochote? Mutuambie yote, musifiche." Nilikuwa nimebeba thermos ya uji. Nakumbuka kifuniko chake kilikuwa kimelegea na nilikikaza, nikakikaza tena. Maman Victorine alisema, "Pombe aliacha. Anakunywa tu chai, ile ya majani mabichi, ya huyu mutoto." Daktari akamgeukia Nabintu, akamuuliza majani yanatoka wapi, kama yamepuliziwa dawa ya wadudu, anaweka kiasi gani. Nabintu alijibu kila kitu. Papa Déo alikuwa macho. Alinitazama mimi. Hakumtazama mwingine. Daktari akamuuliza na yeye: "Papa, ni chai tu?" "Ni chai," alisema Papa Déo. Kisha akafumba macho.

Kwa hiyo ndivyo nilivyopata nilichokitaka mwaka mzima. Alikuwa amechagua kati yetu, mbele ya mashahidi, na alikuwa amenichagua mimi. Niliijua maana yake papo hapo, na hata katika hofu yangu ile, sehemu moja yangu, ndogo na mbaya, ilishangilia.

Maman Victorine hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alirudi nyumbani, akachukua mfuko wa majani, lungo, na hata sufuria ile, akavitupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, kisha akamwambia mtoto wa dada yake, akiwa ameshika fremu ya mlango, "Nilikupokea mu nyumba yangu na ukanileteaka sumu. Rudia kwa mama yako. Kama muzee anakufa, hapana kuja hata ku kilio." Nabintu alibakiza miezi miwili amalize mafunzo ya kushona. Alikunja nguo zake chumbani mwetu, nami nilikaa kitandani mwangu na kitabu wazi. Alipomaliza akaja kupiga magoti mbele yangu, akaweka mikono juu ya kitabu. "Consolata. Weye unasoma dawa. Unajua. Niambie kweli: ni chai yangu?"

Hakulia. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, na alikuwa tayari kufuata njia yoyote ambayo ningemwonyesha. Vichupa vilikuwa chini ya godoro nililokalia. Nilisema, "Sijui. Inaweza."

Aliondoka siku ile ile. Papa Déo alirudi nyumbani baada ya wiki tano, amekonda, macho meupe tena. Bila kapsuli ini lilipona, na kila mtu alisema: mmeona? Tangu chai iondoke. Jioni ya kwanza nilifungua gazeti nikakaa kwenye kiti changu kidogo. Alininyamazisha kwa mkono. "Kuna neno ulitaka kuniambia?" aliuliza. Maman alikuwa chini, jikoni, tulisikia visu. Nilijua ananingoja. Alikuwa amenifunika pale hospitalini kama mtu anavyomfunika mtoto aliyejichafua mbele ya wageni, na sasa alitaka nijioshe mwenyewe. "Hapana, Papa," nilisema. Akatikisa kichwa polepole. "Basi soma, Consolata." Aliishi miaka tisa zaidi. Alihudhuria harusi yangu, alinipongeza kwa kila shahada, kwa upole, kwa jina langu la ubatizo. Hakuniita tena vinginevyo. Wala yeye hakusema, na hilo nimemlaumu nalo pia, kwani alikuwa na kinywa, naye alimwacha Nabintu aende. Nadhani alisubiri hadi kusubiri kukawa tabia.

Kila mwaka, ninapofika kwenye somo la mimea na ini, nawaeleza wanafunzi habari ya "mgonjwa mmoja" aliyekunywa chai vizuri kisha akapewa dondoo na mtu asiye na subira. Wanaandika. Mwaka jana msichana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza, "Na yule aliyempa, alichukuliwa hatua gani?" Nilisema muda umekwisha.

Basi asubuhi ile ya kilio nilikaa mkekani kando ya Nabintu, nikachukua konzi ya maharage nikaanza kuchambua. Aliniambia aliolewa kisiwani Idjwi, ana mananasi na kahawa kidogo, ana watoto watano, na mashine ya kushonea aliyojifunza tena mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. "Ini," alisema. "Tumbo ilijaa maji. Mama alinitumia majani, alisema mupatie, hata ya kumutuliza tu. Nilikatala. Niliyamwaga mu ziwa. Sijawahi kuitengeneza tena, hata kwa wageni. Mikono yangu iliua karibu muzee wa watu, ningeanza tena na bwana wangu?" Alisema hivyo bila uchungu, akitupa jiwe huku, punje kule. Nilijua kwamba chai isingemponya mume wake katika hali ile, na nilikuwa karibu kumwambia hilo tu, kama mtaalamu, kama faraja. Badala yake nikasikia sauti yangu ikimwambia mengine yote. Kapsuli. Asubuhi za misa. Nne. Godoro. Nilisema chini chini, macho kwenye maharage, na nilipomaliza vidole vyake vilikuwa vimesimama.

Nilitazamia kofi, nilitazamia machozi. Nilikuwa, nitasema kweli, nimejitayarisha hata kusamehewa. Aliuliza neno moja. "Maman alijua?"

"Hapana."

"Alikufa hajui."

"Hajui."

Akageuka kutazama mlango wa chumba ambamo Maman Victorine alikuwa amelala hadi siku nne kabla. "Nilikujaka mara tatu kumuona, hii miaka," alisema. "Alinipokea. Alinipa chakula. Lakini hakukulaka kintu chochote cha mukono yangu. Nilimuletea nanasi, akaiweka pembeni. Mara ya mwisho, ule mwezi uliopita, nilitaka tu kumupatia maji ya kunywa, ku kitanda. Akafunga kinywa." Akakifunga chake, midomo ndani, anionyeshe. Kisha akasimama, akapangusa kitenge. "Simama, Consolata. Uwaambie."

"Nabintu, leo ni kilio..."

"Njo leo. Wote iko hapa. Simama."

Nilisimama. Justin alikuwa kwenye kiti cha baba yake, ameshuka kutoka Kinshasa na shati lake limekunjamana kwa safari. Dada zake wawili, majirani, mama wawili wa parokia, vijana waliokuwa wakipanga viti vya kukodi. Nilisema jina langu kana kwamba hawanijui. Nilieleza kwa Kiswahili cha kawaida, bila katekini, bila panya, kwa sababu niligundua kwamba kila neno la kitaalamu lilikuwa linataka kunikinga. Nilisema: baba yenu alikuwa anapona kwa kuacha pombe na kwa kuhudumiwa na huyu, mimi nilimpa dawa ambayo hakuna daktari aliyeiandika, kwa sababu nilimwonea huyu wivu, dawa hiyo karibu imuue, nikanyamaza, huyu akafukuzwa. Redio ya jirani ilikuwa inaimba nyimbo za kanisa. Mmoja wa mama wa parokia alisema, "Yesu," taratibu, kama mtu aliyeungua kidole.

Justin hakuniuliza lolote. Aliinuka, akavuka mkeka, akamshika Nabintu mikono yote miwili, akainamisha paji la uso hadi likagusa vidole vyake, mtu mzima wa miaka sitini, na akasema, "Dada, utusamehe. Utusamehe sisi wote." Dada zake wakaja. Wakamzunguka, wakamwingiza katika chumba cha mama yao, wakitaka achague yeye wa kwanza kitenge cha marehemu, na nikawasikia kupitia mlango ulioachwa nusu wazi wakilia pamoja, na Nabintu sasa naye analia, kwa sauti kubwa, kilio ambacho hakuruhusiwa kukilia kwa miaka ishirini na sita. Salon nzima iliuelekea mlango ule. Nilibaki katikati ya mkeka na maharage yakiwa yamemwagika miguuni. Nilikuwa nimesema kweli hatimaye, na nilikuwa nimetegemea kwamba ukisema kweli kitu fulani hutoka mwilini. Nikawasikia wakimwita dada, dada yetu. Na hapo nilipokuwa nimesimama, katika nyumba ambamo nisingekaribishwa tena, nilimwonea wivu.